"Bank" ya mto na "bank" ya pesa: je, ni neno moja?

*"Mwalimu, shikamoo. Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima wa mboga bonde la Luiche, hapa Kigoma. Mradi unaotusaidia umetuletea barua ya Kiingereza, na neno 'bank' limetokea mara tatu. Kwanza wameandika: 'No cultivation within sixty metres of the bank.' Nikaiweka kwenye simu, ikanijibu: hakuna kilimo ndani ya mita sitini za benki. Nikaisoma hivyo kikaoni. Wazee wawili wakasema basi haituhusu, benki iko mjini na sisi tuko shambani, wakaendelea kupanda hadi karibu na maji. Binti yangu wa kidato cha tatu anasema hapo ni ukingo wa mto. Mara ya pili wanataka 'bank statement' ya miezi sita. Mara ya tatu wanasema udongo uwe 'banked up around the stems'. Jirani yangu aliyesoma ananiambia pesa ni kama maji, na benki ilipewa jina la kingo za mto kwa sababu ndizo zinazoyazuia yasitawanyike. Mwingine anasema Kiingereza ni lugha maskini, maneno yamewaishia. Nani mkweli, na barua hii niisomeje?"*

Marahaba, katibu. Nianze na lile la haraka, maana msimu hausubiri: binti yako yuko sahihi. Sentensi ya kwanza inakataza kulima ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ya pili inaomba taarifa ya akaunti ya kikundi, ile karatasi ya benki inayoonyesha fedha zilizoingia na zilizotoka. Ya tatu inawaagiza mwinulie udongo kwenye mashina ya miche, kazi ambayo mkulima yeyote wa bonde hilo anaijua kwa mikono kabla hajaambiwa na mtu. Hao wazee wawili waone leo, usingoje kikao kijacho.

Na usijilaumu. Umefanya ambacho wengi wetu tungefanya ukiwa na simu mkononi na kikao kinakusubiri. Ila ni vizuri ujue simu ilikosea wapi. Programu ya kutafsiri haioni kwamba umesimama Luiche na matope miguuni. Inachotazama ni maneno yaliyo jirani na lile unalouliza, kisha inalinganisha na maandishi mengi mno iliyofundishwa nayo. Katika maandishi hayo "bank" ya pesa imeandikwa mara nyingi kuliko ya mto. Sentensi yako haikutaja mto, haikutaja maji. Ilisema kulima na mita tu. Simu ikachagua maana iliyoizoea. Ungeipa aya nzima, ile inayotaja mto kwa jina, huenda ingejibu vingine.

Kuna mtego mwingine nataka uuepuke. Watu hushauriana kwamba ukitaka kuhakiki tafsiri ya simu, igeuze: chukua Kiswahili ilichokupa, irudishie, uone kama Kiingereza kinarudi kilekile. Kwa neno hili njia hiyo itakudanganya. "Benki" itarudi "bank", nawe utaona mambo yamenyooka kumbe kosa limejificha palepale.

Sasa jirani yako. Hadithi yake ni nzuri, na nimeisikia hata Tabora nilikofundisha Kiingereza kwa miaka mingi, ikitolewa na watu wenye akili zao timamu. Inavutia kwa sababu hata sisi pesa tunaizungumzia kama maji: mfuko umekauka, fedha zinamiminika, pesa haina mzunguko. Lakini neno haliundwi na wazo zuri lililokuja baadaye. Huanzia vinywani mwa watu fulani, mahali fulani, likasafiri nao, na mara nyingi njia yake inaonekana kwenye maandishi. Hizi "bank" mbili ziliingia Kiingereza kwa njia mbili, zikiwa zimepishana kwa muda unaokaribia miaka 300.

Ya mto ilitoka kaskazini. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 700 watu kutoka Denmark na Norway walikuja kuvamia Uingereza, na wengi wakabaki, wakaoa, wakalima. Lugha yao ikaachia Kiingereza maneno ya kila siku, kama "sky" la anga, "egg" la yai na "window" la dirisha. Kwao "bakki" lilikuwa tuta, mgongo wa ardhi ulioinuka, hasa ule ulio kando ya maji. Kufikia takriban mwaka 1200, "bank" limo tayari katika maandishi ya Kiingereza. Mtu wa Ujiji hahitaji kuelezwa sana jambo hili. Misafara iliyotoka Bagamoyo ikapita Tabora na kuishia ziwani ilileta shanga na vitambaa, ikaleta na maneno. Wafanyabiashara waliohamia walikuwa wachache kuliko wenyeji, lakini leo hakuna anayeuliza Kiswahili kilifikaje Ujiji.

Ya pesa ilitoka sokoni, Italia ya kaskazini. Mbadilisha fedha wa wakati ule hakuwa na jengo. Alikuwa na benchi au meza, kwa Kiitaliano "banca" au "banco", akaipanga sarafu za miji mbalimbali juu yake, na mfanyabiashara mgeni akaja na sarafu za kwao kubadilishiwa. Msomaji wa Injili anawajua watu hawa: Yesu alipoingia hekaluni alizipindua meza za wabadili fedha. Kwenye Kigiriki cha Agano Jipya neno lililotumika hapo ni "trapeza", yaani meza, na mpaka leo ukienda Athens benki inaitwa trapeza. Wagiriki na Waitaliano, kila watu kwa lugha yao, walikiita kitu kwa jina la ubao unaobeba pesa. Mimi hilo halinishangazi. Mtu aliyewahi kubadilisha shilingi kwa faranga kule Manyovu, mpakani na Burundi, anajua kwamba macho yote huwa juu ya pale noti zinapohesabiwa.

Kutoka Italia neno lilipita Ufaransa likawa "banque", likaingia Kiingereza mwishoni mwa miaka ya 1400. Wakati huo ukoo wa Medici wa Florence ulikuwa umeshaendesha benki yake tangu 1397, na wafanyabiashara wa Kiitaliano walikuwa wameshaacha jina lao London kwenye mtaa wa Lombard Street. Benki Kuu ya Uingereza ilianzishwa 1694. Kufikia hapo hakuna tena aliyewaza benchi.

Lakini benchi halikupotea. Limebaki kwenye maneno mengine, na hapa ndipo ninapoipenda kazi hii. Mtu aliyefilisika kwa Kiingereza ni "bankrupt", kutoka Kiitaliano "banca rotta", benchi lililovunjika. Wako wanaosimulia kwamba aliyeshindwa kulipa madeni alivunjiwa benchi lake kwa shoka mbele ya watu. Neno lenyewe linaeleweka hata bila shoka, maana kuvunjika kwa biashara ni usemi wa kawaida katika lugha nyingi. Karamu kubwa ni "banquet", kutoka kwa benchi dogo. Na yule muuza dawa za uongo aliyepanda juu ya benchi sokoni ili sauti ifike mbali aliitwa "mountebank", mpanda-benchini. Aliyewahi kuhudhuria mnada, akamwona mtu juu ya kasha na kipaza sauti akitibu magonjwa kumi kwa chupa moja, ameshamwona mountebank kwa macho yake. Sisi neno letu la kufilisika tulilipata upande mwingine kabisa, kwa Waarabu, na asili yake ni sarafu ndogo ya shaba, fils: mtu aliyekuwa na fedha nyeupe akabakiwa na shaba tupu.

Sasa nimtendee haki jirani yako, kwa sababu hakukosea kila kitu. Waitaliano nao "banca" hawakuitunga wenyewe. Waliipata kwa watu wa lugha za jamii ya Kijerumani walioingia nchini mwao zamani, na kwa watu hao lilikuwa benchi. Lile "bakki" la kaskazini nalo ni la jamii hiyohiyo ya lugha. Ukirudi nyuma vya kutosha, tuta la mtoni na benchi la sokoni vinakutana kwa babu mmoja: kitu kilichoinuka, chenye mgongo au chenye uso wa kukalia. Kwa hiyo ni ndugu. Hakuna aliyemzaa mwenzake. Walitoka kwenye nyumba moja zamani sana, mmoja akakulia mtoni na mwingine sokoni, wakaja kukutana Uingereza wakiwa watu wazima, wenye majina yanayofanana.

Yuko na ndugu wa tatu ambaye unamjua vizuri: "bench". Huyu Waingereza walikuwa naye tangu mwanzo, hakuletwa na mgeni. Kiswahili kikawachukua wawili, benki na benchi, kila mmoja kwa shughuli yake. Siku utakayokwenda kufuata ile taarifa ya akaunti, ukaambiwa ukae kwenye benchi usubiri zamu yako, utakuwa umekalia jina la zamani la jengo lenyewe.

Kuhusu lugha maskini, hapo sikubaliani hata kidogo. Lugha yoyote inayotumika ina maneno ya namna hii. Sema "kaa" uone: ni mdudu wa baharini mwenye magamba, ni kipande cha mkaa wa moto, ni kuketi. Sema "paa": ni mnyama, ni juu ya nyumba, ni kuruka kwenda juu, na ni kile unachomfanyia samaki kabla ya kumpika. Watoto wa Kibirizi hawachanganyikiwi mama anaposema "mpae samaki huyo" na "ndege imepaa", kwa sababu sentensi imewaelekeza. Tofauti moja tu nataka uishike. Kuna maneno yanayofanana kwa kukutana tu, kama kaa wa baharini na kaa la moto, ambao hawana undugu. Na kuna neno moja lililotanuka, kama mbuzi: mnyama, na kile kifaa cha kukunia nazi unachokikalia, chenye shingo na meno mbele, kikaitwa mbuzi kwa umbo lake. "Bank" ina kitu cha yote mawili: ni ndugu wa mbali waliokuja kukutana, na kila mmoja akatanuka kivyake, ndiyo maana inawasumbua hata wanafunzi wangu hodari.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wetu wenyewe, na unafanana na "bank" kwa namna iliyonifanya nikae kimya siku niliyougundua. Ni neno "fungu". Sokoni ni lundo dogo la nyanya au vitunguu: nipe fungu moja. Kwenye ibada ni sehemu, fungu la kumi. Na pwani, kwa mabaharia, fungu ni mchanga ulioinuka ndani ya maji, chombo kinaweza kukwama juu yake. Karibu na Dar es Salaam kipo kisiwa kinaitwa Fungu Yasini. Lundo la kitu kilichoinuliwa, na mchanga ulioinuka majini. Ndivyo ilivyo "bank" ya mto pia: kwa wavuvi wa Atlantiki "bank" ni sakafu ya bahari iliyoinuka, na Grand Banks ya Canada iliitwa hivyo, mahali palipokuwa mashuhuri kwa samaki aina ya chewa wa baridi. Watu wa bahari mbili zisizojuana walitazama lundo nchi kavu na lundo majini wakaona ni kitu kimoja.

Hilo ndilo linalokufungulia sentensi yako ya tatu. "Banked up" inatoka kwenye tuta, haitoki kwenye pesa. Udongo unalundikwa kuzunguka shina. Vilevile rubani anapoilaza ndege upande mmoja ili akate kona juu ya ziwa kabla ya kutua Kigoma, Kiingereza kinasema ame-"bank", kwa sababu ndege imekuwa na mteremko kama wa tuta. Na bibi yangu, usiku, alikuwa hauzimi moto. Alikusanya makaa akayafukia kwa majivu ili alfajiri yawepo. Waingereza wa kale walifanya hivyohivyo, na kitendo hicho nacho wanakiita "bank". Kila panapolundikwa, kuinuka au kuinama, fikiria tuta.

Panapotunzwa kitu ili kitumike baadaye, fikiria benki. Benki ya damu ni ya upande huu. Jina hilo lilitolewa Chicago mwaka 1937 na daktari Bernard Fantus, kwa hoja iliyo wazi kwamba huwezi kutoa usichoweka. Na anayesema "I bank on you" anakuambia anakutegemea.

Ukikutana tena na neno hili, tazama limefuatana na nani. Likiwa na mto, mteremko, mmomonyoko, mita, daraja, au "left" na "right", ni ukingo. Likiwa na akaunti, mkopo, saini, riba, ni benki. Kihusishi nacho husaidia, ingawa si mara zote: "on the bank" kwa kawaida ni ukingoni, "in the bank" mara nyingi ni benki. Watangazaji wetu wa redio wanalijua hili. Hujawahi kuwasikia wakisema Benki ya Magharibi, husema Ukingo wa Magharibi, kwa sababu "bank" ile ni ya Mto Yordani. Na barua ikitaja ukingo wa kushoto au wa kulia, usisimame popote unapotaka. Geukia kule maji yanakokwenda, yaani kuelekea ziwani, kisha hesabu kushoto na kulia kwako.

Hapo kazi yangu ya lugha inafikia mpaka wake, na sitaki nikupeleke kupita ninapoishia. Mita 60 si wazo la mradi peke yake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inataja umbali huo kwa mwambao wa bahari na maziwa ya asili na kwa kingo za mito. Inazuia shughuli za kudumu na zile zinazoweza kudhuru hifadhi ya maeneo hayo. Nimekueleza "bank" maana yake ni ukingo. Lakini ukingo unaanzia wapi, pale maji yanapofika masika au pale yanapobaki kiangazi? Kwenye bonde tambarare kama hilo tofauti yake inaweza kuwa shamba zima la mtu. Swali hilo halijibiwi na kamusi, na usikubali lijibiwe na mimi, wala na binti yako, wala na simu.

Nenda na barua mkononi kwa mtendaji wenu, kisha kwa afisa mazingira wa halmashauri. Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika iko hapahapa Kigoma. Waombeni waje na kamba ya kupimia. Kama kuna mwanakikundi ambaye mimea yake imeshaota ndani ya eneo hilo na anaogopa hasara au adhabu, mpelekeni kwa msaidizi wa kisheria kabla hajasaini chochote. Uombeni na mradi uwape barua hiyo kwa Kiswahili, yenye saini yao. Wala msione aibu kuomba: tangu 2021 sheria yetu inatambua Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, sembuse barua ya mradi kwa wakulima.

Kwa taarifa ya benki, waende walioweka saini kwenye akaunti, waombe ya miezi sita iliyogongwa muhuri. Kama fedha zenu mnazitunza kwenye simu, waulizeni mradi mapema kama watakubali taarifa ya simu, kwa sababu walichoandika ni cha benki. Na kiasi cha udongo wa kuinulia, muulizeni afisa ugani akiwa amesimama kwenye tuta lenyewe.

Wale wazee wawili, ukiwafuata, usiwasomee barua tena. Wapeleke mtoni, uwaonyeshe pale ardhi inapokatika kuingia majini, uwaambie: hii ndiyo "bank" iliyoandikwa. Kisha kwenye daftari la kikao futa neno "benki" kwenye mstari wa kwanza, andika "ukingo wa Mto Luiche, pande zote mbili", na uache nafasi tupu chini yake ya kujaza alama watakazoweka wapimaji.